Kadi ya Bi Tatu

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Bi Kuruthumu alikuwa amekaa barazani kwake nyuma ya soko la Bagamoyo, mguu wa kulia juu ya kigoda, simu mbele ya mdomo. Alikuwa anatembea. Goti lilikuwa limegoma tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo alikuwa anatembea kwa mdomo.

"Natoka hapa," aliiambia simu, "nakata kulia, naanza kwa Bi Samia mwenye mndimu. Navuka. Kwa Mohamedi fundi saa. Nateremka. Hapa pana mbwa, namzunguka. Sasa niko kwa Sheha mwenye milango miwili, unagonga wa kushoto, wa kulia ni wa mke mdogo."

Bi Kuruthumu alikuwa mwalishi kwa miaka arobaini na mmoja. Watu wanaojiheshimu wakiwa na harusi, mwalishi ndiye anayepita nyumba kwa nyumba. Anasimama mlangoni, hakai, hanywi hata maji. Anamtaja mwenye shughuli, siku na saa, kisha anakwenda zake. Mtu asiyefikiwa na mwalishi hakualikwa, hata kama analala ukuta mmoja na bibi harusi. Orodha yake haikuwahi kuandikwa popote. Ilikuwa miguuni. Akiulizwa tu akiwa amekaa, hakumbuki hata jirani yake. Ni lazima aanze kutembea ndipo majina yaje.

Sauti hizo zilikuwa zinakwenda Dar es Salaam kwa mjukuu wake, Nadhira, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu akisomea habari za kidijitali na usanifu. Nyumbani hakuna aliyejua hasa hayo ni masomo gani. Baba yake, Abdulswamad, aliwaambia watu msikitini kwamba mtoto anasomea picha. Majirani walimletea simu zilizosahauliwa namba ya siri, na mara moja pasi.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi amalize kwa mradi. Mradi wenyewe uwe kitu kinachotumiwa na watu wa kweli wasiopungua mia moja, na mwenye shughuli asaini fomu kwamba ameridhika. Fomu ifike Jumatatu saa tatu asubuhi baada ya harusi. Bila fomu, unarudia mwaka. Abdulswamad alikuwa ameshasema kwamba mwaka mwingine haupo, kama mtu anavyosema sukari imekwisha.

Nadhira alitengeneza kadi ya mwaliko ya kwenye simu. Ukiifungua, asumini zinachanua, jina lako linatokea, na chini kuna msimbo wa mraba wa kuskani mlangoni. Mwenye shughuli alikuwa Bi Kholood, mke wa Bader anayeuza bati na saruji kwenye barabara ya Msata. Alikuwa anamwoza binti yake Ahlam.

"Ongeza dhahabu," alisema Bi Kholood alipoonyeshwa kadi.

"Dhahabu imejaa, mama. Maandishi hayatasomeka."

"Watu wakiona dhahabu watajua ni harusi. Ongeza."

Nadhira akaongeza.

Orodha ilitoka kwenye zile sauti za bibi yake. Zilikuwa kumi na moja. Alikaa bwenini na spika za masikioni, akaandika kila jina kama lilivyotajwa. Bagamoyo nyumba haibadilishi jina kwa sababu mwenyewe amekufa. Kwa Mohamedi fundi saa ni kwa Mohamedi fundi saa, ingawa Mohamedi alizikwa kabla umeme haujafika mtaa huo. Ikawa katika majina mia mbili na kumi na manne, sitini na matatu yalikuwa ya marehemu. Nadhira aliliona hilo, lakini jedwali lilikuwa na safu nne tu, jina, nyumba, mtaa na namba ya simu, na hakuna iliyouliza kama mtu anapumua.

Kwenye sauti ya tisa bibi yake alisema, "Sasa nimeingia uchochoro wa kisimani. Kwa Tatu. Tatu haalikwi. Tatu huitwa. Naendelea, natokea kwa Bi Miza."

Nadhira alirudia kusikiliza pale mara mbili. Akatazama safu zake nne. Akaandika: Tatu, uchochoro wa kisimani. Akaendelea kwa Bi Miza.

Kadi zilitumwa wiki moja kabla ya harusi. Zile mia moja hamsini na moja zenye namba za simu zilifika, lakini nyingi zilikaa siku mbili zikingoja watu wanunue bando. Zile sitini na tatu zisizo na namba zilifika papo hapo na zote zikafunguliwa. Wafu hawaishiwi bando.

Mwalimu wa mradi, Sadallah, aliipenda sana takwimu hiyo. Alikuwa kijana wa miwani ambaye hakuwahi kutamka neno watu. Kwake wote walikuwa watumiaji.

"Hawa watumiaji wasio na namba wamefungua kwa asilimia mia," alisema. "Ni kina nani?"

"Marehemu, mwalimu."

Sadallah aliandika kwenye daftari: kundi maalumu. "Umri wao?"

"Wengine wanakaribia miaka mia na hamsini."

"Safi. Wazee huwa tunawasahau sana kwenye usanifu. Maandishi uliyaweka makubwa?"

"Niliyaweka makubwa, ila yalifunikwa na dhahabu."

"Liweke hilo kwenye changamoto," alisema Sadallah.

Ijumaa ikafika. Kadi ilisema saa saba mchana baada ya sala. Mtu mzima wa Bagamoyo akiambiwa saa saba anakwenda saa nane na nusu, na hata hapo huwakuta wenyeji wanahamisha viti. Saa saba kamili wakaja marehemu. Walikuja peke yao, kwa sababu ndio pekee waliofuata kadi. Wanaume walipita turubaini, barabarani. Mohamedi fundi saa alisalimia, akapanda kwenye kiti na kuishusha saa ya ukutani ya Bader iliyosimama miaka ishirini, akaitengeneza kwa kisu cha kukatia ndimu, ndipo akakaa. Bader alimshukuru akamuuliza kama anatengeneza na jenereta.

Wanawake walipita uani. Nadhira alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, akiskani. Marehemu hawakuwa na simu. Walifungua kiganja, na kadi ilikuwa pale kwenye ngozi, asumini zinachanua, dhahabu tele. Msimbo ulisomeka vizuri kuliko kwenye simu za Kichina. Kila uliposomeka, taa ya kijani iliwaka na simu ikasema, "Karibu."

Wa kwanza alikuwa Bi Miza, mama mkwe wa Bi Kholood, aliyefariki mwaka 2009 kwa presha.

"Shikamoo, mama," alisema Bi Kholood, akifuta mikono.

"Marahaba. Bado unatia chumvi ile ile?"

"Nimepunguza, mama."

"Tutaona." Bi Miza alikaa kiti cha kwanza mstari wa mbele, akakipapasa. "Plastiki," alisema. "Duka zima la bati, mnakalia plastiki."

Saa saba na dakika kumi akaja mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kovu la mvuke kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Alikuwa amevaa doti ya kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani, imesimama kama karatasi. Huyu ndiye Tatu. Alikuwa amepika harusi zote kubwa za mji kwa miaka thelathini, akafa mwaka 1986. Kanga hiyo aliinunua mwaka 1971, akaiweka kwa ajili ya siku atakayoalikwa.

Alifungua kiganja. Taa ikawaka kijani. "Karibu," ikasema simu.

"Ahsante," Tatu aliijibu simu. Akamwangalia Nadhira. "Wewe ndiye uliyeandika jina langu?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeliandika vizuri."

Akaenda kukaa mstari wa mbele, kiti cha pili, pembeni ya Bi Miza, mikono juu ya mapaja.

Saa nane na nusu walio hai walipofika, walipeana mikono na marehemu wao, wakauliza habari za huko, wakajibiwa ni nzuri. Mmoja alidaiwa ungo alioazima kwa marehemu mwaka 1979, akaahidi kuurudisha Jumatatu. Kisha macho ya watu yakaenda kiti cha pili, na maneno yakapungua uani. Wanawake watatu waliokosa nafasi mstari wa mbele walisimama tu, mikoba kwapani, wakimtazama Bi Kholood.

Bi Kholood akasogea, akainama kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera ya shughuli."

"Ahsante. Bi Tatu, jikoni kumepungua mtu wa kukuna nazi."

"Tabia yupo," alisema Tatu. Tabia alikuwa mjukuu wake. Ndiye mpishi mkuu wa siku hizo, na saa hiyo alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria matano.

"Tabia yuko peke yake."

Tatu alitazama kiganja chake. Asumini zilikuwa bado zinachanua. Alikitazama kwa muda wa mtu kusoma kadi nzima, na dhahabu yake. Kisha akasimama, akapangusa kiti kwa upindo wa kanga mpya, ingawa hakikuwa na vumbi, akaenda jikoni. Mmoja wa wale watatu akakaa. Pilau ilikuwa nzuri sana siku hiyo, kila mtu alisema hivyo. Bi Miza peke yake alisema chumvi imezidi.

Jioni Nadhira alipeleka fomu.

"Sisaini," alisema Bi Kholood. "Chombo chako kina kasoro."

"Kasoro gani, mama? Wote walioandikwa wamekuja."

"Ndiyo kasoro yenyewe. Mimi nina shughuli nyingine Jumapili, wanawake wanakuja kumtazama bibi harusi. Jumapili kila mtu aingie mlango wake. Ikiwa hivyo, nitasaini. Isipokuwa hivyo, shauri yako na chuo chako."

Nadhira alikwenda kwa bibi yake.

"Nilikwambia Tatu huitwa," alisema Bi Kuruthumu kabla hajasalimiwa. "Nilisema kwa Kiswahili."

"Kwa nini asialikwe?"

"Bibi yake hakuja mjini mwenyewe. Aliletwa na watu kutoka bara, amefungwa."

"Lini hiyo?"

"Hata mimi sikuwepo. Mama alinionyesha njia, akaniambia hapa unaita, hapa unaalika. Kamuulize Bi Miza, yeye ni wa zamani."

Bi Miza alikuwa ameamua kubaki mpaka Jumapili, analala chumba cha wageni na kulalamikia feni. Naye aliulizwa. Akafikiri.

"Mimi pia niliambiwa tu," alisema. "Waulize walionitangulia."

Kulikuwa na waliomtangulia, wamekaa sebuleni wanatazama televisheni. Wakaulizwa mmoja mmoja, mpaka bibi mmoja wa nyuma kabisa aliyekuwa haoni vizuri. Wote waliambiwa tu.

Jumamosi asubuhi Nadhira akaingia uchochoro wa kisimani. Walisoma darasa moja na Tabia mpaka la saba. Tabia alikuwa anasugua masufuria kwa jivu. Bibi yake, Tatu, alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, anakunja ile doti, akifuata mikunjo yake ya dukani, polepole, ili iingie pale pale ilipokuwa.

"Shoga, uso gani huo?" alisema Tabia. "Umefiwa? Maana waliokufa wote wako hapa."

Nadhira akamweleza habari ya fomu, na safu mpya ya watu wa mlango wa nyuma. "Naweza kukataa," akasema. "Nikarudia mwaka."

"Baba yako atalipia?"

"Hapana."

"Basi unakataa nini? Unarudia mwaka kwa ajili ya kiti cha plastiki?" Tabia aligeuza sufuria. "Weka hiyo safu. Bibi na mimi tutakuja kama siku zote. Nisipopika mimi mtakula hizo asumini zenu?"

Nadhira alicheka. Tabia hakucheka, alikuwa anasugua. Ndani, Tatu aliendelea kukunja. Alikuwa amefika kwenye mkunjo wa mwisho.

Mchana huo Nadhira aliongeza safu ya tano. Bi Kholood alipendekeza iitwe Watumishi. Nadhira hakulipenda neno hilo. Alikuwa amesoma somo zima la lugha rafiki kwa mtumiaji, akafaulu. Akaiita Familia ya Jikoni. Akachagua rangi tulivu, herufi za mviringo, na kasufuria kanakotoa moshi. Dhahabu hakuweka, ili kadi ifunguke haraka. Msimbo wake ulifungua mlango wa nyuma tu.

Jumapili saa saba kamili, marehemu wakaingia mlango wa mbele. Mlango wa nyuma, Tatu akafungua kiganja. Alikuwa amevaa kanga kuukuu yenye madoa ya manjano, na kwapani ana mbuzi yake ya kukunia nazi. Taa ikawaka kijani. "Karibu," ikasema simu, kwa sauti ile ile.

Bi Kholood alisaini fomu kabla ya chai, akachora na kaua pembeni ya sahihi.

Jumatatu Sadallah alisoma mradi mpaka mwisho, akavua miwani. "Nilikuwa na wasiwasi," alisema, "kwamba unawachukulia watumiaji wote kuwa sawa. Wanafunzi wengi wanakosea hapo. Huu mgawanyo umeutoa wapi?"

"Kwa bibi yangu. Naye aliutoa kwa mama yake."

"Utafiti wa nyanjani," alisema Sadallah, akampa A.

Kadi hizo zikasambaa. Zilifika Miono, zikafika Ubena, na kila zilipofika shughuli zilianza kwa wakati upande wa marehemu na kwa kuchelewa upande wa walio hai, na hakuna aliyekaa kiti kisicho chake. Bi Kuruthumu aliendelea kutembea barazani. Goti lilipona, lakini alikuwa ameshazoea, na kwa mdomo mbwa hakung'ati.

Nadhira alipohitimu, Abdulswamad alifanya sherehe nyumbani. Orodha aliijaza Nadhira mwenyewe, na bibi yake pembeni yake anatembea.

"Naingia uchochoro wa kisimani," alisema Bi Kuruthumu. "Kwa Tatu."

Nadhira aliandika Tatu. Akaandika Tabia chini yake. Kisha kidole chake kikafika safu ya tano, kikasimama. Uwanja ulikuwa wake, sherehe yake, viti amekodi baba yake. Angeweza kuiacha wazi.

"Umekwama?" aliuliza bibi yake. "Mimi nina jua la kichwa hapa."

"Nafikiri nani atapika."

"Si ndiyo nimekupitisha huko."

Nadhira akabonyeza kasufuria. Mara mbili.

Siku ya sherehe, saa saba kamili, alikuwa amevaa joho, anazunguka nyumba kuangalia maturubai. Akamkuta Tatu mlango wa nyuma, wa kwanza kufika, mbuzi kwapani na furushi la gazeti mkononi.

"Hongera, mwanangu."

"Ahsante, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hii ni zawadi yako." Alimpa furushi. Ndani kulikuwa na ile doti ya mwaka 1971, imekunjwa kama ilivyotoka dukani. "Usiione kuukuu. Imevaliwa saa moja na nusu tu, nami nilikuwa nimekaa."

Nadhira aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Alitaka kusema kitu.

"Kadi yenu ya jikoni ni nzuri," alisema Tatu, akimwahi. "Ile ya kwanza dhahabu ilizidi."

Akaweka kiganja mbele ya simu iliyofungwa mlangoni. Taa ikawaka kijani, simu ikamkaribisha, naye akaingia kukuna nazi.